Mfadhili Akibadili Nia, Nani Atamwambia Mtafiti?

Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tangu mapema mwaka 2025 methali hii imesemwa mno katika kumbi zetu za mihadhara, na hata katika vibanda vya chai nje ya lango la chuo, kila inapotajwa habari ya serikali ya Marekani kukatiza fedha za utafiti. Msemaji huitamka, wasikilizaji hutikisa vichwa, na mazungumzo hukomea hapo. Mimi sina ugomvi na wahenga. Ugomvi wangu ni na jinsi tunavyoitumia hekima yao kuufunga mjadala ambao bado haujafunguliwa. Methali hiyo inatueleza habari ya anayetegemea na anayetegemewa tu. Haituelezi lolote kuhusu mtu wa tatu anayesimama kati yao, yaani chuo kikuu, ambacho ndicho kilichotia sahihi mkataba kwa niaba ya mtafiti. Makala haya yanamhusu huyo mtu wa tatu.

Ili tuelewane, sharti kwanza nieleze kilichotokea, maana habari zenyewe zimetufikia vipande vipande. Marekani ni nchi ya shirikisho: kila jimbo kati ya majimbo yake 50 lina serikali yake, na juu ya hayo yote ipo serikali ya shirikisho iliyoko Washington. Serikali hiyo ya juu ndiyo iliyokuwa mfadhili mkuu wa utafiti wa vyuo vikuu vya nchi ile tangu kumalizika kwa Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1945 mhandisi Vannevar Bush alimkabidhi Rais Truman ripoti iliyopendekeza kwamba serikali itoe fedha, na wanasayansi wenyewe waachiwe uhuru wa kuchagua maswali ya kuyatafiti. Wakfu wa Taifa wa Sayansi, unaojulikana kwa kifupi NSF, uliundwa mwaka 1950. Ule wa taaluma za fasihi, historia na lugha, yaani NEH, uliundwa mwaka 1965. Kwa muda wa miaka 80 hivi mapatano yalikuwa hayo: serikali inalipa, wataalamu wanapima mapendekezo ya wataalamu wenzao, na chuo kinasimamia matumizi.

Mwaka 2025 mapatano hayo yalitikiswa kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja. Tarehe 20 Januari misaada kwa nchi za nje ilisimamishwa kwa siku 90, na kufikia tarehe 1 Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa na mabaki ya kazi zake kuhamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Tarehe 7 Februari Taasisi za Taifa za Afya, NIH, zilitangaza kwamba malipo ya gharama za uendeshaji kwa vyuo hayatazidi asilimia 15, uamuzi ambao mahakama iliuzuia. Mnamo Aprili NEH ilifuta ruzuku zaidi ya 1,400. NSF nayo ikaanza kufuta zake mwezi uo huo. Tarehe 1 Mei NIH ikatangaza kwamba haitatoa tena ruzuku zenye mikataba midogo ya vyuo vya nchi za nje mpaka itakapobuni utaratibu mpya. Kisha tarehe 7 Agosti ikatoka amri ya rais iliyowapa wateule wa kisiasa sauti katika kuamua ruzuku zipi zitolewe, na kutaka mikataba iwe na kipengele cha kuivunja pale serikali itakapoona inafaa. Msomaji atanisamehe kwa msururu huu wa tarehe. Mtafiti aliyekuwa kijijini na kinasasauti chake hakuwa na nafasi ya kuzifuatilia hata nusu yake, na hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Yamkini mwenzangu atauliza Kiswahili kiliingiaje katika mambo haya. Kiliingia zamani, tena kwa mlango ambao wengi wetu hatuujui. Mwezi Oktoba 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha angani chombo kiitwacho Sputnik. Wamarekani walipigwa na bumbuazi. Chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Septemba 1958, Rais Eisenhower alitia sahihi Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa. Sehemu ya sita ya sheria hiyo ilivipa vyuo vikuu fedha za kufundishia lugha ambazo taifa lile liliziona muhimu ilhali raia wake hawakuzijua. Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizonufaika. Baadaye sehemu hiyo ilihamishiwa katika sheria ya elimu ya juu, lakini kazi yake iliendelea: vituo vya taaluma za Kiafrika katika vyuo kama vile Wisconsin, Indiana na Ohio vilikua kwa fedha hizo, na wanafunzi wao walilipiwa karo na posho ili wajifunze ngeli za nomino na vitenzi vya Kibantu. Kwa maneno mengine, kijana wa Kimarekani aliyeng'ang'ana na upatanisho wa kisarufi alifadhiliwa, hapo mwanzo, kwa sheria yenye neno ulinzi katika jina lake.

Sisemi haya kwa kubeza. Fedha hizo zimelisha taaluma yetu. Wahadhiri wa Kikenya na wa Kitanzania walipata kazi huko, wanafunzi waliohitimu huko wakaja kwetu kutafiti, na tasnifu walizoziandika ndizo tunazozinukuu leo katika sura zetu za mapitio ya maandishi. Wenzetu kadhaa wamekwenda huko kwa mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, wakarudi na shahada zao zikiwa zimenona. Nasema tu kwamba fungu hili halikuwahi kuwa sadaka kwa Kiswahili. Lilikuwa hesabu ya taifa jingine kuhusu haja zake lenyewe, na hesabu hubadilika. Mwaka 2024 fungu lote la elimu ya kimataifa na lugha za kigeni katika Wizara ya Elimu ya Marekani lilikuwa dola milioni 85 na ushei. Machi 2025 wizara hiyo ilitangaza kupunguza karibu nusu ya wafanyakazi wake, na ofisi iliyosimamia fungu hilo ikabaki bila watu. Mashindano ya mwaka huo ya ruzuku za Fulbright-Hays, zilizokuwa zikiwaleta watafiti na makundi ya walimu na wanafunzi nje ya Marekani, yalifutwa. Septemba ilipofika, vituo vya taaluma za kimaeneo viliarifiwa kwamba mwaka uliokuwa umebaki wa ruzuku zao hautalipwa.

Sasa nije kwa lililonigusa mimi mwenyewe. Mwaka 2024 niliajiriwa kuwa msaidizi wa utafiti katika mradi wa kukusanya masimulizi na nyimbo za kazi katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini. Mradi ulikuwa na vichwa viwili, kama ilivyo desturi: chuo kimoja cha Marekani kilichopokea ruzuku ya serikali ya shirikisho, na chuo kimoja cha hapa nchini kilichopewa mkataba mdogo chini ya hicho cha kwanza. Nilirekodi wazee 23. Fomu ya ridhaa niliitafsiri mimi, kwa Kiswahili ambacho mtu asiyesoma akisomewa anakielewa, na ndani yake mlikuwa na ahadi mbili: kwamba nakala za sauti zitarudishwa kijijini, na kwamba vijana wawili wa papo hapo wataajiriwa kuzinukuu na watalipwa kila mwezi.

Barua ya kuvunja ruzuku ilikifikia chuo cha Marekani katikati ya Aprili 2025. Sisi huku ilitufikia mwanzoni mwa Juni. Wiki saba. Sijui hasa ilikwama wapi, na nimekwisha kuacha kuulizia. Ninalolijua ni kwamba katika wiki hizo saba vijana wale wawili waliendelea kukaa na vipokea sauti masikioni, wakinukuu nyimbo za wavuvi na za wanawake wasuka makuti, neno kwa neno, katika lahaja ambayo mimi mwenyewe naibahatisha. Walipodai malipo yao wakaambiwa kwamba gharama yoyote iliyoingiwa baada ya tarehe ya barua haikubaliki. Kisheria jibu hilo lilikuwa sawa. Kanuni za ruzuku za Marekani ndivyo zisemavyo: ruzuku ikivunjwa, mpokeaji hulipwa gharama za kabla ya tarehe hiyo pamoja na zile ambazo tayari amejifunga nazo na hawezi kuzikwepa, basi. Kazi mpya ni ya mwenye kuifanya. Lakini vijana wale hawakujua kwamba kazi yao imekuwa mpya. Hakuna aliyewaambia, kwa kuwa hakuna aliyeniambia mimi.

Lipo na jingine. Kanuni zizo hizo humpa mpokeaji mkuu siku 120 za kukabidhi taarifa za kufunga mradi, na mwenye mkataba mdogo siku 90. Katika siku zetu 90, siku 49 zilikuwa zimekwisha kuteketea bahasha ikiwa njiani. Tulibakiwa na siku 41 za kutafuta stakabadhi za nauli za bodaboda, kuhesabu betri, na kuandika ripoti ya fedha kwa Kiingereza cha kihasibu ambacho hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kufundishwa.

Niliporudi kijijini mwezi Agosti, bibi mmoja kati ya wale 23 alinikaribisha uani pake, akanipa kahawa, akaniuliza habari za nyumbani na za masomo. Kisha akasema, "Mwanangu, zile sauti zetu mumezipeleka wapi?"

"Ziko chuoni, bibi."

"Chuoni kwa nani?"

Sikuwa na jibu, na bado sijalipata lililo kamili.

Linganisha na walivyofanyiwa watafiti wa upande wa pili wa bahari. Tangu Februari 2025 ofisi za utafiti za vyuo vingi vya Marekani zilianza kutoa maelekezo, zikiyasahihisha kila mahakama au wizara ilipotoa tamko jipya. Kwa jumla maelekezo yalifanana. Endelea na kazi mpaka upokee maandishi ya kukusimamisha. Usisimamishwe na gazeti. Barua ikija, ipeleke ofisini siku hiyo hiyo, wala usiijibu wewe mwenyewe. Ukipata amri ya kusimamisha kazi, isimamishe, na uwaarifu mara moja wenye mikataba midogo walio chini yako. Weka kumbukumbu ya kila saa na kila senti. Ikiwa unataka kukata rufaa, jua kwamba muda ni mfupi. Kwa NIH, kwa mfano, ni siku 30. Baadhi ya vyuo vilitenga fedha zao wenyewe za kuwavusha wanafunzi wa uzamifu ambao mishahara yao ilikatika katikati ya muhula.

Maelekezo hayo hayakuwa ya kupamba ukuta. Ruzuku kadhaa zilizovunjwa zilirudishwa na mahakama. Mwezi Juni 2025 jaji mmoja wa California aliamuru watafiti wa Chuo Kikuu cha California warudishiwe ruzuku zao za NSF, NEH na idara nyinginezo, na mwezi uo huo jaji mwingine wa Boston akasema ufutaji wa ruzuku za NIH haukuwa halali. Agosti Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikairuhusu serikali kuendelea kuzikata ruzuku hizo za NIH na kuwaelekeza walalamikaji kwenye mahakama nyingine inayoshughulikia madai ya fedha. Katika hali kama hiyo, leo umefutwa, kesho umerudishwa, kesho kutwa umefutwa tena, mtafiti aliyehifadhi barua zake na hesabu zake ana cha kushika mkononi. Aliyezitupa kwa hasira hana.

Si kwamba nayasifu maelekezo yote ya Wamarekani. Mengine yaliandikwa na wanasheria kwa tahadhari kubwa hivi kwamba yalijaa maneno na kukosa habari. Mengine yaliwaelekeza wasomi kuyapitia upya mapendekezo yao na kuyaangalia maneno waliyoyatumia, kwa kuwa magazeti ya nchi hiyo yalikuwa yameripoti Februari 2025 kwamba ruzuku za NSF zilikuwa zikichujwa kwa orodha ya maneno. Miongoni mwa maneno yaliyotajwa yalikuwamo yale yenye maana ya wanawake, vizuizi na kihistoria. Mwanafunzi wa fasihi akisoma habari hiyo hawezi kukosa kutabasamu kwa uchungu. Sisi tuliofundishwa kwamba mshairi aliye chini ya mtawala mkali hujificha katika mafumbo, tukaona sasa mwanasayansi wa bahari na mtaalamu wa takwimu nao wakijifunza taashira. Chuo kinachomfundisha mtafiti wake kuficha maneno kimemsaidia kupata fedha za mwaka mmoja, na kimemdhuru kwa namna ambayo si rahisi kuipima. Ushauri wa namna hiyo nisingependa tuuige.

Hata hivyo jambo la msingi linabaki: walikuwa na wa kuwaambia. Na hapa yafaa tuulize ofisi hizo zinalipwa na nani. Jibu ni zile gharama za uendeshaji ambazo NIH ilitaka kuzibana. Ruzuku ya utafiti ina sehemu mbili: fedha za kazi yenyewe, na fedha juu ya hizo ambazo chuo hulipwa kwa ajili ya maabara, umeme, maktaba, wahasibu, wanasheria na makarani wa ofisi ya utafiti. Katika tangazo lake la Februari 2025 NIH ilivitaja vyuo kama Harvard, vinavyotoza asilimia 69, na Yale, asilimia 67.5. Vyuo vilipoambiwa asilimia 15 vililia kwamba vitakufa, na huenda kilio chao kilikuwa cha haki. Lakini je, msomaji anajua kwamba chuo cha nje ya Marekani kinachopokea ruzuku ya NIH kimekuwa kikipewa asilimia 8 kwa miaka na miaka? Nane. Kile ambacho huko kiliitwa maangamizi ni karibu mara mbili ya kile ambacho huku kiliitwa kawaida. Haishangazi basi kwamba katika chuo chao mna ofisi nzima ya kuzisoma barua, ilhali katika chuo chetu barua hizo husomwa na mhadhiri mwenye mafungu manne ya wanafunzi, ambaye pia ni mratibu wa mitihani, tena usiku.

Kwa hivyo siwalaumu wahadhiri wetu. Naililia asilimia nane hiyo yenyewe, kwa sababu hata iwe ndogo vipi si sifuri, na wasaidizi wa utafiti hatujawahi kuonyeshwa imefanya kazi gani. Je, imetengwa hata shilingi moja kwa ajili ya siku ambayo mradi utafungwa kwa ghafla? Katika mradi wetu haikutengwa.

Najua yapo mawazo mawili yatakayonipinga, nayo yanatoka pande tofauti. La kwanza ni la wale wasemao kwamba fedha ni za Wamarekani, wakitaka kuzitoa watazitoa, wakitaka kuzizuia watazizuia, nasi hatuna haki ya kulalama. Nakubaliana nao kwa robo tatu. Mlipakodi wa Ohio hanidai mimi wala simdai. Lakini mkataba ni mkataba. Na chuo changu, ambacho nakidai, hakikuwa Ohio. La pili ni la ndugu zangu wenye mori, wasemao kwamba tuzikatae fedha za kigeni kabisa na tujitafitie wenyewe. Hao nawapenda, ila nawasihi wafungue Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013. Sheria hiyo iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti na kutaka fungu la asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka liende katika utafiti. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Na hata fedha hizo zingekuja zote, ni nani kati yetu anayeamini kwamba zisingeweza kucheleweshwa, kupunguzwa au kufutwa kwa waraka mmoja kutoka Nairobi? Mfadhili wa nyumbani naye hubadili nia. Swali la nani atamwambia mtafiti litabaki pale pale, hata rangi ya bendera iliyo juu ya barua ikibadilika.

Kila tarehe 7 Julai tunavaa fulana na kuandamana kwa ajili ya Kiswahili duniani, na si vibaya. Ila ningefurahi zaidi siku moja kama hiyo tungekutana kuyasoma mikataba. Nasema kwa dhati. Wanafunzi wa Kiswahili tunahitimu tukiwa na umahiri wa kutafsiri tamthilia nzima, na bado hakuna istilahi iliyokubalika ya mkataba mdogo unaofungamana na ruzuku kuu, wala ya gharama za uendeshaji, wala ya kipengele kinachomruhusu mfadhili kujitoa kwa kusema tu kwamba mradi hauendani tena na vipaumbele vyake. Nimelazimika kuzibuni au kuziazima nikiandika makala haya, na huenda mhadhiri wangu atazipinga. Karibu azipinge! Kazi hiyo ni yetu. Wazee wa kijiji kile waliombwa ridhaa kwa Kiswahili, wakatoa ridhaa kwa Kiswahili. Kisha mradi wao ukavunjwa kwa Kiingereza, katika barua ambayo mpaka leo hakuna aliyewasomea. Endapo chuo kina wajibu wa kuwatafsiria watu masharti ya kuingia, kina wajibu uo huo wa kuwatafsiria masharti ya kutoka.

Wajibu huo hauhitaji mamilioni. Unahitaji mtu mmoja katika kila kitivo ambaye jina lake linajulikana, ambaye barua ya mfadhili ikija huifungua siku hiyo na kuwapigia simu wote wanaolipwa na mradi, kuanzia mtafiti mkuu hadi mnukuzi aliye kijijini, akawaeleza kazi gani wasimamishe na ipi wamalizie. Unahitaji msaidizi wa utafiti aonyeshwe mkataba kabla ya kupanda matatu kwenda nyanjani, angalau kurasa zinazosema nani hulipwa nini mambo yakiharibika. Mimi wangu niliuona kwa mara ya kwanza baada ya kuvunjwa. Mkataba wenyewe nao useme kwamba chuo kikuu cha ng'ambo kikipata barua kitaiwasilisha kwetu ndani ya siku kadhaa zilizotajwa kwa tarakimu. Wenzetu wanasheria wananiambia si jambo gumu kulidai. Ni kwamba hatudai, kwa kuogopa kwamba anayeuliza maswali hatapewa mkataba mwingine.

Na zaidi ya yote, nakala za sauti zirudi kila mwisho wa juma. Tumezoea kuahidi kwamba zitarudishwa mradi utakapokamilika, kana kwamba kila mradi hukamilika. Laiti ningalikuwa nikiacha nakala katika shule ya msingi ya pale, au hata kwa imamu, kila nilipofunga mkoba wangu siku ya Ijumaa, barua ile ingaliwakuta wazee wakiwa na sauti zao mikononi. Hilo halikuwa kosa la Washington. Wala si la chuo peke yake. Lilikuwa langu pia, kwa kuwa mtu mmoja kijijini aliniuliza mapema nami nikamwambia asubiri.

Mwezi Desemba nilikwenda tena, kwa nauli yangu, na rekodi 11 ambazo nilikuwa nimezibakiza katika tarakilishi yangu binafsi. Vijana wale wawili walinipokea kwa heshima, hatukuzungumzia malipo. Yule bibi alisikiliza wimbo wake mara tatu, akacheka pale aliposahau beti, akaniuliza za wenzake zitakuja lini. Rekodi 12 zilizobaki zimo katika diski iliyofungiwa katika ofisi fulani, zikisubiri sahihi ya mtu ambaye bado hajateuliwa.